Thumuni ya Bibi Salama: nilivyokaribia kuwatoa watu shambani kwao nikiwa Dubai

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, na wa rika langu poleni na mihangaiko.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu. Leo nauachia. Majina nimebadilisha kwa sababu ndugu zangu wamo humu, wanasoma kimyakimya na hawajawahi kulike hata post moja. Mengine yote ni kama yalivyotokea, pamoja na yale yanayoniaibisha mwenyewe.

Mimi ni mwanamke wa Kipemba, nina miaka mitano Dubai. Nafanya kazi kwenye typing hapa Al Baraha, zile ofisi ndogo za kuchapa fomu za visa na mikataba kwa Kiarabu. Kiarabu nilikisoma nyumbani, na ndicho kinachonilisha.

Wakati huo nilikuwa nakaa Rashidiya kwa Ami Seif, binamu wa marehemu baba. Visa yangu ilikuwa chini ya kampuni yake. Humo ndani alikuwemo pia mama yake, Bibi Zuhura, ameshapita themanini, ambaye alitoka Pemba akiwa msichana na hajarudi tena.

Sasa twende kwenye mada.

Huko Pemba kuna shamba la karafuu linaloitwa shamba la Bibi Salama. Huyu aliishi karne ya kumi na tisa, mke wa mkulima wa karafuu, na sisi sote tumelelewa tukijua kwamba ndiye aliyemzaa baba yake Bibi Zuhura. Shamba lilikuwa lake mwenyewe, alipewa na baba yake kabla hajaolewa.

Kwenye shamba hilo anaishi Bi Raya, mjane, na wanawe na wajukuu. Babu yake Bi Raya alikuwa kaka yake Bibi Salama. Kule Rashidiya lakini hawakuitwa ndugu, waliitwa watunzaji.

Mwaka jana wakaja wawekezaji wanaitaka sehemu inayoteremka pwani. Ami Seif akahitaji vitu viwili. Kwanza, ushahidi kwamba sisi ni wajukuu wa Bibi Salama. Pili, saini ya mama yake kwenye hati ya wakala, ili aende Pemba kusimamia kila kitu kwa niaba yake.

Ushahidi ukaangukia kwangu. Bibi Zuhura alikuwa na kopo kubwa la biskuti lenye karatasi za kale za Kiarabu, alizotoka nazo Pemba na hakuwahi kumruhusu mtu kuzigusa. Ami akaniambia, "Nasra, wewe ndiye msomi wetu. N'tafutie maisha ya huyu bibi, tangu kuolewa mpaka kufa."

Wakuu, nilivimba kichwa. Msomi wetu.

Nilizipiga picha zote kwa simu nikawa nazisoma ofisini mchana, wateja wakipungua. Nikaipata hati ya ndoa yake. Nikapata barua anamwandikia mumewe aliyekuwa Unguja, anamwambia mvua imewahi, karafuu zimelowa kwenye majamvi, na yeye amekesha akizigeuza na wanawake wa shamba. Niliipenda hiyo barua. Hakuna salamu ndefu, hakuna manung'uniko, karafuu tu.

Kisha nikaipata karatasi ya mirathi ya mumewe. Karani wa kadhi ameandika wazi: mke wake Salama, thumuni. Yaani sehemu moja kati ya nane. Chini yake watoto watatu, na mmoja wao ndiye baba yake Bibi Zuhura.

Kwa wasiojua, kwenye mirathi yetu mke hupata robo kama mume amekufa bila mtoto. Kama mume ana mtoto, mke hupata thumuni. Basi mimi nikaona thumuni, nikaona watoto, nikafunga kesi. Kulikuwa na karatasi nyingine imeanza kwa majina yaleyale, mwandiko mbaya, wino umefifia. Nikadhani ni nakala ya hiyohiyo. Sikuisoma.

Nikaandika kwenye group la familia: "Imethibitika. Bibi Salama alipata thumuni, kwa hiyo alizaa, na sisi ni damu yake." Emoji za dua zikamiminika. Ami akaniletea chakula kutoka hoteli ninayoipenda ya mtaa wa Karama. Na hati ya wakala, wakuu, niliichapa mimi kwa mikono yangu. Miadi ya notary, anayethibitisha saini, ikawekwa Jumatatu.

Jumatano nikapokea voice note. Ni Bi Raya. Sijaonana naye tangu nilipokuwa mdogo.

"Mwanangu Nasra, assalamu alaykum. Ami yako katutumia ujumbe tuwe tushahama mwisho wa mwezi. Kasema wewe umesoma karatasi, sisi hatuna haki. Mie sibishani na karatasi, sijui kusoma Kiarabu. N'nakuuliza tu, umesoma zote?"

Niliisikiliza mara mbili nikiwa nimesimama nje ya ofisi. Jibu lilikuwa hapana.

Nilirudi ndani, nikaifungua ile picha niliyoiruka. Niliikuza mpaka herufi zikavunjika. Mteja mmoja wa Kihindi alikuwa anasubiri fomu yake, nikamwambia system iko chini. Anisamehe popote alipo.

Haikuwa nakala. Ilikuwa mirathi ya Bibi Salama mwenyewe, aliyekufa miaka kadhaa baada ya mumewe.

Vitu vyake vimeorodheshwa kimoja kimoja. Shamba na mikarafuu yake. Majamvi kumi na mawili. Mizani. Sanduku la mvule. Mbuzi wanne. Halafu warithi. Nilitafuta watoto watatu, sikuwaona. Kuna mrithi mmoja tu: kaka yake, na amechukua vyote.

Nikamtumia picha Maalim Hamad, mzee anayefundisha Qur'ani huku Al Baraha, mtu aliyesomea mirathi. Akapiga simu papo hapo.

"Binti yangu, huyu mama hakuacha mtoto. Angekuwa na mtoto wa kiume, kaka asingepata kitu."

"Lakini Maalim, kwa mumewe alipata thumuni."

"Thumuni hutolewa mume akiwa na mtoto. Nani kakwambia lazima awe mtoto wa huyo mke?"

Hilo swali mtoto wa madrasa anaweza kulijibu. Mimi nililiruka kwa sababu jibu nililokuwa nalitafuta nilishalipata, na lilinipendeza.

"Soma mstari wa mwisho," Maalim akasema. "Kuna wasia."

Mstari wa mwisho unasema Bibi Salama ameusia mitali yake ya fedha, ile ya kuvaa miguuni, apewe "Faida, mama wa watoto wa marehemu mume wangu", na akae kwenye chumba cha nyuma mpaka atakapokufa.

Faida. Jina moja, halina baba, kama walivyoandikwa watumwa. Alikuwa suria, mtumwa wa humohumo shambani aliyezaa na bwana wake. Watoto wa suria kisheria ni watoto halali wa baba yao, ndiyo maana walimrithi. Walilelewa na Bibi Salama wakamwita mama. Sisi tukapokea hilo neno tukaliamini kwa zaidi ya miaka mia.

Kwa hiyo Bi Raya ndiye wa damu. Shamba ni la kwao. Na mimi ndiye niliyewafanya waanze kufunga mizigo.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana nilimfuata Ami Seif sebuleni. Nilimweleza yote, sauti chini, nikamwonyesha picha. Aliisoma sura yangu zaidi kuliko alivyoisoma karatasi.

"Nani mwengine anajua?"

"Maalim Hamad."

"Basi na yabaki kwenu. Karatasi ya kwanza inatosha. Khalas."

"Ami, Bi Raya ana wajukuu pale."

Akaiweka tasbihi yake mezani.

"Visa yako inaisha lini, Nasra?"

Aliuliza taratibu kabisa, hata mtu wa nje angedhani ananijali. Nilijua inaisha lini. Na yeye alijua. Nawaambia ukweli, niliogopa. Kurudi nyumbani mikono mitupu ni kitu ninachokiogopa kuliko ugonjwa.

Bibi Zuhura akaita kutoka chumbani kwake, "Nyie mnanong'ona nini?"

"Hamna kitu, mama," Ami akajibu.

Nikaingia chumbani. Sijui nguvu nilizitoa wapi. Nadhani ni ile voice note, umesoma zote. Nikaketi kitandani kwake nikamsomea karatasi nzima, Kiarabu kisha Kiswahili. Ami alisimama mlangoni.

Nilipofika kwa Faida, Bibi alinishika mkono kwa kucha.

"Unasema baba yangu ni mtoto wa suria."

"Karatasi ndiyo inayosema, Bibi."

"Watu watatucheka. Maisha yangu yote najivunia Salama, leo unan'ambia si wangu." Akalia. Kilio cha hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu. Ami akasema, "Unaona ulichofanya?" Nikaona kweli nimeharibu kila upande.

Halafu Bibi akajifuta na mtandio.

"Hebu nisomee tena pale pa mitali."

Nikasoma. Akataka tena. Nikasoma mara ya tatu.

"Baba alijua," akasema. "Mtu hamsahau mama yake. Alijua, na akaona haya kutwambia." Kisha akamgeukia mwanawe. "Salama ndiye aliyekuwa na haki ya kumchukia yule mwanamke. Na kampa mitali yake. Sie tuna haki gani ya kuwatoa watu wa Salama kwao? Lete hiyo hati ya wakala."

Ami akaileta, nadhani alitumaini ataisaini. Bibi akaikunja nne, akaiweka chini ya paja lake, akaikalia.

Jumatatu hakuna aliyekwenda notary. Bi Raya hakuhama. Nilimpigia simu kumwomba radhi, akanisamehe haraka mno, na hilo limeniuma zaidi ya kama angenitukana. Kwenye group niliandika kosa langu lote. Safari hii emoji hazikuja, na watu wanane wakatoka.

Visa yangu Ami hakuiongeza. Mwenye ofisi yetu ya typing akanichukua chini yake wiki moja kabla haijaisha, na wiki zile nilikonda mpaka wenzangu wakadhani nimefunga. Sasa nakaa Karama, kitanda kwenye chumba cha watu sita. Ami hatusemeshani. Nimeumia, sijifanyi shujaa, ni mtu aliyenipokea airport siku ya kwanza.

Nilichojifunza: karatasi ya wazee ukiisoma huku jibu unalo mfukoni, itakupa jibu hilohilo. Soma mpaka mstari wa mwisho, hasa ule wenye wino uliofifia. Na ukishatangaza kosa kwenye group, lirekebishe kwenye group hilohilo.

Mwezi uliopita Bibi Zuhura alisomesha hitima ya wazee wake, akaagiza niitwe, Ami apende asipende. Kabla ya dua Maalim Hamad huandika majina ya marehemu wa kuombewa. Bibi akataja yote aliyoyazoea, Salama akiwemo, kisha akasema, "Na Faida."

Maalim akauliza, "Faida binti nani?"

Hakuna aliyejua, na hakuna karatasi itakayotwambia.

Bibi akasema, "Andika, mama yake baba yangu."

Zaidi ya miaka mia, wakuu, na siku ile ndiyo mara ya kwanza mtu wa kizazi chake kumtaja kwenye dua.

Karibuni kwa maoni, na wa kunitukana pia karibuni. Ila kama kwenu kuna jina la namna hii, jina moja lisilo na baba, liwekeni hapo chini. Maalim Hamad ameniambia nimpelekee yote, ataomba kwa kila moja.