Binti Niliyemtafuta Kwenye Ratiba ya Filamu

Mwanamke wa ofisi ya kodi alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionimaliza. Nilikwenda kuomba anwani ya binti yangu. Huku Uswidi ofisi ya kodi ndiyo inayotunza orodha ya wakazi, na anwani ya mtu si siri; unataja jina na tarehe ya kuzaliwa, unaambiwa anakoishi. Aliandika kwenye kompyuta, akatazama, akaandika tena, kisha akasema hawezi kunipa habari yoyote.

"Ina maana hayupo nchini?" nikamuuliza.

"Ina maana siwezi kusema lolote. Si kwamba yupo, wala kwamba hayupo."

Nilikuwa nimeshatoka nje nilipoelewa. Kwa miaka kumi na minne nimekuwa nikiwahudumia wazee majumbani mwao, na mmoja wao hakuwa na jina mlangoni. Taarifa zake zilikuwa zimefungwa kwa sababu mume wake wa zamani alikuwa amemtishia kwa kisu. Kwa hiyo nawajua watu wanaofungiwa taarifa. Ni watu wanaoogopa kufuatwa. Nilisimama pale barabarani, watu wakinipita na mifuko yao, nikatambua kwamba mtu ambaye binti yangu anafichwa asimpate ni mimi.

Sikumtishia kwa kisu. Nitasema nilichofanya.

Tulikuwa tukiishi wawili mtaa wa Hallonbergen, pembeni mwa jiji, ghorofa ya tano, tangu baba yake aliporudi Nakuru, binti akiwa na miaka tisa. Mimi nilimsemesha kwa Kiswahili, yeye akanijibu kwa Kiswidi, na mambo yalikwenda. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu jioni ile tuliposhuka kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu. Tulikuwa tunakunja shuka, kila mmoja ameshika pembe mbili, akaanza kuzungumza kwa Kiswahili. Hilo peke yake lilinishtua.

"Mama, kuna msichana nampenda. Tuko pamoja mwaka mzima sasa. Nilitaka uyasikie kwangu."

Nadhani alikuwa amejizoeza. Alikuwa ametafuta maneno safi, yasiyoniumiza. Mimi Kiswahili changu kilikuwa na maneno mawili tu ya kumwita mtu wa namna hiyo, na yote mawili ni matusi. Nilitumia moja. Kisha niliiachia shuka, ikaanguka sakafuni upande wangu, yeye akabaki ameshika upande wake.

Jumapili iliyofuata niliwaita akina mama wa maombi. Walikuja saba baada ya ibada, wakavua viatu mlangoni, wakapanga viti sebuleni kwa duara na kumkalisha katikati. Mwenyekiti wetu alifunga mlango kwa ufunguo, akautia ufunguo kwenye mkoba wake. Nilimwona. Waliomba mpaka nje kukaingia giza. Alipotaka kusimama walimshika mabega, akakaa. Alijaribu tena, wakamshika tena. Mara moja aligeuka akanitazama.

"Mama, waambie wafungue."

"Vumilia kidogo," nikamwambia. "Karibu tunamaliza."

Kesho yake niliporudi kazini nilikuta chumba chake kitupu. Kitanda alikitandika. Namba yake ya simu haikupatikana tena.

Kanisani nilisema amekwenda kusoma Gothenburg. Nilisema hivyo kwa miaka miwili, na kila nilipoulizwa nilimwongezea kitu: mtihani, chumba kizuri, baridi ya huko. Huku nyuma nilikuwa namtafuta. Mtu mmoja aliniambia amemwona Södertälje, akifanya kazi kwenye mkahawa karibu na kituo. Siku zangu zote za mapumziko mwezi ule nilipanda treni mpaka Södertälje, nikaingia kila mkahawa nikaagiza kahawa. Polisi waliniambia ni mtu mzima, na mtu mzima ana haki ya kutomtaka mama yake. Ofisi ya kodi ndiyo ilikuwa mwisho wa akili zangu.

Majuma machache baada ya siku ile nilikuwa maktaba nikisubiri mvua ikatike. Kwenye rafu ya matangazo palikuwa na karatasi iliyokunjwa, ratiba ya miezi miwili ijayo ya filamu za watengenezaji wadogo na michezo ya kuigiza, kwa ajili ya watu wanaopenda jinsia yao na wale ambao miili yao na mioyo yao haikubaliani. Sijui kwa nini niliichukua. Labda kwa sababu ya ile mvua. Ndani palikuwa na picha ya vijana wanane wamekaa sakafuni wakisoma makaratasi, na wa tatu kutoka kushoto, nywele amenyoa, mdomo umefunguka kwa kicheko, alikuwa binti yangu.

Nilikaa chini. Mhudumu wa maktaba alikuja kuniuliza kama naumwa.

Hakuna jina lililoandikwa chini ya picha. Haikusemwa vijana wale ni wa onyesho lipi. Kwa hiyo niliamua kwenda kwenye yote, moja baada ya jingine, mpaka nimpate. Nilibadilishana zamu na wenzangu, nikawaambia nina miadi ya meno.

La kwanza lilikuwa filamu, saa kumi na mbili jioni, kwenye ukumbi mdogo wa chini kwa chini upande wa kusini wa jiji. Nilivaa koti langu la kwenda kanisani na sikulivua. Msichana wa mlangoni alinikaribisha kama vile alikuwa akinisubiri, na mimi nikapita bila kumtazama usoni. Niliketi safu ya mwisho na kuhesabu vichwa. Taa zilipozimwa bado nilikuwa nikigeukia mlango kila ulipofunguka.

Filamu ilihusu ajuza wawili walioishi nyumba moja miaka arobaini, wakijiita mabinamu. Mmoja akafa. Ndugu zake wakaja na gari kubwa, wakabeba makabati, wakabeba meza, na yule aliyebaki hakuweza kuwazuia kwa kuwa hakuwa na jina la kujiita. Nimewahudumia wazee wengi wa namna ile, nikaosha vikombe vyao viwili, na sikuwahi kuuliza. Nilisikia sauti yangu ikisema, "Ee Mungu wangu."

Kijana aliyekuwa viti viwili kutoka kwangu alinigeukia. Filamu ilipoisha alisogea.

"Mama, unasema Kiswahili?"

Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, mtu wa Bujumbura, nesi katika hospitali moja ya hapa. Aliniuliza nimekuja na nani. Sikuwa na nguvu za kudanganya. Niliitoa ile karatasi nikamwonyesha picha, kidole changu juu yake.

"Huyu ni wangu. Unamjua?"

Aliitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mama, hata kama namjua siwezi kukwambia."

"Mimi ndiye niliyemzaa."

"Najua. Na mimi yupo aliyenizaa." Alisema hivyo bila hasira. "Hapa watu wanakuja kwa sababu hakuna anayewaonyesha walipo. Nikianza mimi, nani atakuja tena?"

Nilimshika mkono wa shati. Nilimsihi kama ninavyowasihi madaktari kwa niaba ya wagonjwa wangu, kisha nikamsihi vibaya zaidi, mbele za watu waliokuwa wakivaa makoti yao. Mwishowe akasema, "Naweza kupeleka ujumbe kwa watu wanaoweza kumjua. Nimwambie nini?"

"Mwambie arudi nyumbani."

"Hilo tu?"

Nilitafuta kingine. Miaka miwili nilikuwa nikizungumza naye kichwani kila siku, na sasa nimeulizwa sikuwa na sentensi hata moja ambayo haikuwa amri. Alisubiri, kisha akanipa pole, akaenda zake.

La pili lilikuwa filamu fupi tano, na hakuwapo. Jumapili yake, tukinywa kahawa baada ya ibada, nilifungua mkoba kutafuta leso na ile ratiba ikaanguka miguuni pa mwenyekiti. Aliiokota, akaifungua, akaisoma kwa utulivu.

"Hii ni ya nani?"

"Ya mteja wangu mmoja," nikasema. "Wazee wa huku, unawajua."

Akacheka. Na mimi nikacheka. Nilikwenda msalani, nikafunga mlango, nikauma kiganja changu ili nisisikike.

La tatu lilikuwa mchezo wa kuigiza, Jumamosi saa tisa alasiri, kwenye ukumbi wa Farsta, si mbali na kituo cha maduka. Nilifika saa nane. Niliketi safu ya pili, karibu kabisa, maana nilihofia macho yangu. Ukumbi ulijaa: vijana, wanandoa wa kike wenye mtoto mgongoni, mzee mmoja na fimbo yake. Mwanamke aliyeketi kando yangu alinipa peremende.

Waliingia wanane. Nilimjua kwa hatua zake kabla sijauona uso. Alikuwa amevaa suruali nyeusi na fulana nyeupe, amenenepa kidogo, mwenye afya, mzuri. Walianza kusema kwa zamu, kila mmoja akieleza nyumba aliyokulia. Zamu yake ilipofika alipiga hatua mbili mbele, akainua uso kuwatazama watu, na macho yake yakafika kwangu.

Aliacha kusema katikati ya neno.

Mwanzoni watu walidhani ni sehemu ya mchezo. Kisha niliona mikono yake. Alikuwa ameishika mbele ya kifua, vidole vimekunjwa, kama alivyokuwa ameishika siku ile kwenye kiti cha katikati. Aligeuka akatazama mlango wa ukumbi. Alikuwa anatazama kama umefungwa. Nilielewa hilo, na kama ningeweza kufa hapo hapo kitini ningekufa. Akatoka jukwaani mbio.

Taa ziliwashwa. Mwanamke aliyesimamia onyesho alikuja akachutama kando ya kiti changu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mimi ni mama yake, akaniomba nitoke nje. Niliinuka. Nilipita mbele ya magoti ya watu wote wale. Ile peremende bado ilikuwa mdomoni.

Nilisimama nje ya mlango wa kioo. Sijui ni dakika ngapi. Alitoka na msichana mwingine, mrefu, mwenye miwani, aliyebaki nyuma yake hatua moja akiushikilia mlango usijifunge.

"Umekuja na wale?" binti yangu akaniuliza kwa Kiswidi.

"Niko peke yangu."

"Nani amekwambia niko hapa?"

"Hakuna. Niliona picha."

Alikuwa akitazama nyuma yangu, kwenye maegesho ya magari, akihakikisha. Sikujua la kufanya na mwili wangu. Nilipiga magoti. Mimi, mama yake, kwenye lami yenye maji.

"Simama," akasema, na safari hii kwa Kiswahili. "Mama, simama. Usinifanyie hivyo."

"Nilimwona akifunga mlango. Nilimwona akitia ufunguo kwenye mkoba, na sikusema kitu. Uliniita na nikakwambia uvumilie."

Kidevu chake kilikuwa kikicheza. Yule mwenzake alimwekea mkono mgongoni, na niliuona mkono ule, jinsi ulivyotulia pale, nikajua ndio uliomlaza na kumwamsha miaka yote hii mimi nikinywa kahawa Södertälje.

"Nina mchezo wa kumaliza," akasema. "Watu wanasubiri."

"Niache niketi nyuma kabisa. Hutaniona."

"Nitakuona." Akapangusa uso kwa kiwiko. "Hapana, Mama. Usije tena kwenye maonyesho yetu. Usije hata kunisubiri nje. Nikiweza, mimi ndiye nitakayekutafuta. Namba yako ninayo."

"Na usipoweza?"

Nadhani alitaka kunipa kitu, akatafuta asikione. Wakaingia ndani. Nilisikia watu wakipiga makofi, makofi marefu ya kumpa moyo, nikaondoka ili nisivunje neno lake siku ile ile.

Ni miezi saba sasa. Ujumbe umekuja mmoja, wenye maneno manne: "Niko mzima. Usijibu tafadhali." Sikujibu. Hakuna kazi ngumu niliyowahi kufanya kama hiyo. Yule nesi wa Bujumbura nilikutana naye mara moja kwenye treni. Alinisalimu kwa heshima, akanipisha kiti, na sikumuuliza lolote.

Kanisani niliwaambia. Tulikuwa tunaosha vikombe, akina mama wote wa maombi, nikasema binti yangu hajawahi kwenda Gothenburg. Nikasema anampenda mwanamke, anaigiza, na serikali imemficha asipatikane, na wa kwanza kumficha tulikuwa sisi, tuliomfungia mlango.

Mwenyekiti alifunga bomba la maji. "Basi dada, tumweke kwenye maombi."

"Msimguse," nikasema. "Mlimshika mabega nikiwatazama. Msimguse tena hata kwa maombi."

Sijafukuzwa. Ila sasa ninapoketi, kiti cha kando yangu hubaki wazi.

Siku ile mmoja wao alinifuata mpaka kituoni. Ni mama wa Kakamega, mkimya, na alikuwa miongoni mwa wale saba. Ndiye aliyekuwa amemshika bega la kushoto. Tuliketi kwenye benchi. Treni ikaja, hakupanda. Alisema ana kijana wa kiume, yuko Malmö, na baba yake amekataza jina lake litajwe nyumbani. Miaka minne. Alisema hata siku ile, mkono wake ukiwa begani mwa binti yangu, alikuwa akimwombea wa kwake.

Nilitaka kumchukia, na sikuwa na mahali pa kusimamia.

"Ulipomwona," akaniuliza, "alikuwa amekonda?"

"Hapana. Alikuwa amenawiri."

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Akaniuliza alikuwa amevaa nini, na nywele zake zikoje, na kama yule mwenzake anaonekana mtu mwema. Nilimjibu yote, polepole, nisiache kitu. Treni nyingine ikaja ikapita, na bado alikuwa na maswali.