Damu Kutoka Olympic

Siku ya kwanza kazini, Sista Msimamizi wa hospitali yetu ndogo ya kina mama pale Kawangware aliitazama baiskeli yangu kabla ya kunitazama mimi. Alibonyeza breki, akatikisa keria ya nyuma, akaniambia nikaze nati zote kisha nirudi. Alikuwa mama wa Kakamega, mpole kwa wagonjwa, mkali kwa sisi wengine. Gari la hospitali, alisema, linakwama Dagoretti Corner, na mtu anayetoka damu hangoji foleni.

Nyinyi wa pikipiki mtataka kujua kazi yenyewe. Nilipeleka sampuli maabara kule Olympic, upande wa Kibera, nikarudi na dawa au damu kwenye sanduku la baridi. Damu ikipata joto haifai, na ikigusana na barafu inaharibika vilevile, kwa hivyo katikati tuliweka kitambaa. Sanduku nililifunga kwa mpira wa tyubu kuukuu lisirukeruke. Ngong Road haikuwa na njia ya baiskeli. Ulipita ukingoni mwa lami, na lori likipiga honi nyuma yako unashuka mtaroni bila kubishana.

Sista alipostaafu, akaja Daktari Msimamizi, kijana mwenye haraka. Alinunua pikipiki, mimi nikabaki wa kutumwa dukani.

Kisha ikafika asubuhi ambayo vijana walifunga barabara kwa mawe na tairi zinazowaka, polisi wakirusha vitoa machozi. Mwendesha pikipiki alirudishwa akiwa amepasuliwa kioo. Ndani kulikuwa na mama aliyejifungua alfajiri, na damu haikuwa inakatika. Daktari alinifuata nyuma ya jikoni.

"Mzee Mutua, utaweza?"

Sikujua. Nikasema nitajaribu.

Kwenda nilipitia vichochoro, pengine nikiibeba baiskeli begani. Nikapewa damu, nikageuka. Kurudi, nikiwa Naivasha Road, kundi likanizunguka. Mmoja wao, mrefu, alikuwa na jiwe mkononi.

"Umebeba nini, mzae?"

Nikamwambia ni damu ya mama aliyezaa. Akaniamuru nifungue. Nikamweleza kwamba kila sanduku likifunguliwa, baridi inatoka. Wenzake wakaanza kusema mimi ni wa polisi.

"Mzae, fungua."

Nikainua kifuniko kidogo tu. Akainama, akaona mfuko mwekundu. Akaliweka jiwe chini.

"Twende," akasema. "Usipande. Ukikimbia, wale wa mbele watakurushia."

Basi tukatembea. Yeye alishika usukani upande mmoja, akiwapazia sauti wenzake watupishe. Moshi ulinichoma macho, milipuko ikasikika nyuma, na miguu yangu ilitaka kukimbia. Nilimfikiria yule mama huko kitandani, na mimi huku natembea kama mtu anayetoka kanisani. Sijawahi kuona barabara ndefu kama ile. Tulipopita kizuizi cha mwisho kijana aliachilia usukani, akarudi alikotoka. Hakuniambia jina lake. Ndipo nikapanda.

Daktari alikuwa langoni. Alichukua sanduku bila salamu akakimbia nalo. Nikaketi ngazini hadi muuguzi alipotoka kuniambia kwamba damu imeingia na presha ya mama, iliyokuwa imeshuka, inapanda. Tangu siku hiyo Daktari hakunituma dukani tena, na baiskeli yangu ilitengewa nafasi kando ya pikipiki.

Sasa nimestaafu, naishi Riruta, na goti la kushoto linakataa pedali. Ngong Road imepata njia ya baiskeli, ingawa pikipiki na wachuuzi wameikalia. Mimi hutembea. Watu huniuliza kama yule mama alinishukuru. Aliruhusiwa kwenda nyumbani siku yangu ya mapumziko. Uso wake sikuuona. Kawangware si kubwa. Huenda tumeshapishana naye barabarani mara nyingi, kila mtu na haraka zake.