Siku Niliyoingia kwa Wakwe Bila Kukohoa

Habari hii nimeificha miaka mingi, na nyie mnavyoniona nimekaa hapa na koti langu na fimbo yangu mnadhani nilizaliwa na heshima zangu, kumbe wapo watu kijijini Mwamkulu (wamebaki wachache, Mungu ni mwema) ambao hadi leo wakikutana nami njiani hawanisalimu mpaka kwanza wachungulie suruali yangu kwa nyuma kama imekauka. Leo nasema yote. Niliyekuwa nikimwonea aibu amekwisha kututangulia, na nyie mkitaka kucheka, chekeni.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa karani kwenye mgodi wa madini ya risasi hapa Mpanda, naandika majina ya wanaoingia zamu na wanaotoka, na kwa kuwa nilisoma kidogo misheni nikafanywa pia mkalimani wa Bwana Meneja, kila alipotaka kuongea na watu bila kupiga kelele. Nilikuwa na baiskeli, kalamu mbili mfukoni (moja haikuwa na wino), na mchumba wa Mwamkulu aitwaye Nyamizi, ambaye nilimpenda kiasi kwamba mara mbili niliandika jina lake kwenye daftari la zamu badala ya jina la mchimbaji.

Baba yake Nyamizi, ambaye jina lake silitaji hata leo kwa sababu kwetu jina la mkwe halitamkwi, alikuwa Mkonongo mrina asali, mrefu, mkavu, mtu wa kushika mila kuliko yeyote niliyepata kumjua. Posa yangu aliipokea kwa sharti moja, akalirudia mbele ya mshenga wangu mara tatu ili asije akasema hakusikia. Mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, si kabla ya harusi wala baada yake, na kijana atakayemtazama, posa yake inarudi kwao siku hiyohiyo. Ndiyo maana kila nilipokwenda kule nilisimama kwanza njiani, nje ya ua, nikakohoa. Nakohoa mara moja, nakohoa mara ya pili, nasikia mlango wa jikoni unafungwa, ndipo naingia. Kwa miezi minane mama mkwe wangu nilimjua kwa mlango tu.

Basi akaja mgeni wa Bwana Meneja kutoka Uingereza. Mtu mpole, aligombea ubunge kwao akashindwa, akaona asafiri, na hata katika vumbi la Mpanda hakuvua tai yake, wachimbaji wakamwita Bwana Tai. Chama chake kilikuwa cha wale ambao siku hizi redioni wanaitwa wahafidhina, lakini neno hilo sisi hatukuwa nalo, tulisema watu wa kushika ya zamani. Alikuwa anaandika kitabu kuonyesha kwamba watu wa namna hiyo wako duniani kote na wote ni wamoja. Bahati mbaya pale mgodini alikuwapo Mmarekani, fundi wa mashine za kutoboa miamba, naye akasema ni mshika ya zamani vilevile, wakaanza kubishana kwenye chai ya saa nne, mimi nimesimama na daftari langu nasubiri sahihi.

Bwana Tai alisema kushika ya zamani ni kumtii Malkia, na kanisa lao, na mashamba makubwa kukaa na wenyewe kutoka babu hadi mjukuu. Mmarekani akasema kwao ni kinyume, ya zamani kwao ni kwamba walimfukuza mfalme, na huyo mfalme alikuwa babu wa huyohuyo Malkia, na jambo hilo wamelishika hadi leo, pamoja na kutotaka serikali ipite hata mlangoni kwa mtu. Bwana Tai akakoroga chai iliyokwisha korogwa. Kisha akanigeukia.

"Na hapa kwenu," akaniuliza, "watu kama sisi wapo?"

Jibu lilikuwa "Sijui, Bwana." Maneno mawili, sahihi ipatikane, nirudi mezani kwangu. Lakini kiherehere kikanipanda. Nikasema, "Wapo, Bwana. Nitakupeleka kwa mkubwa wao." Na msidhani nilisema hivyo kwa ajili ya elimu. Nilisema kwa sababu palepale nilimwona Nyamizi amesimama uani, na mimi nashuka kwenye gari la mgodi, upande wa mbele.

Desturi ilinitaka nimtume mshenga siku moja kabla. Sikumtuma. Gari la kushtukiza linaonekana kubwa zaidi.

Jumamosi asubuhi tukaenda Mwamkulu, Mmarekani anaendesha, Bwana Tai nyuma na daftari lake, mimi mbele na kalamu zangu mbili. Nilikuwa nimepanga vizuri, tukifika pale njiani ninapokoholea niombe gari lisimame. Lakini kumwambia mzungu "simama nikohoe" ni jambo gumu kuliko mnavyofikiri, na nilipokuwa bado nalitafutia Kiingereza chake tukapita mahali pangu pa kukoholea, tukaingia moja kwa moja hadi katikati ya ua. Nikaanza kukohoa ndani ya gari. Nilikohoa sana, nimeinamisha kichwa magotini, mpaka Mmarekani akatoa kidonge mfukoni akanipa. Nikakimeza. Nilipoinua kichwa mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa, na Nyamizi kweli alikuwa amesimama uani, na kitu alichokiona ni mtu anayeshushwa kwenye gari anapigwapigwa mgongoni.

Mzee akatutolea viti. Majirani wakajaa. Bwana Tai akaniambia nimtambulishe mwenyeji wake kwa jina, na hapo ndipo jasho la kwanza liliponitoka, maana ningetaja jina lile mdomo wangu ungekuwa umeharibu posa. Nikamwomba jirani mmoja, mama wa makamo, ataje yeye. Bwana Tai akaandika kwamba mkalimani wake hamjui hata jina mwenyeji wao.

Tukaanza. Nikamweleza Mzee kwamba wageni hawa kwao ni watu wa kushika ya zamani, wamesikia sifa zake. Mzee akawatazama mmoja mmoja.

"Wanashika nini?" akauliza.

Nikaeleza habari za Malkia. Mzee akaitikia kwa kichwa, hilo akalielewa, mtemi ni mtemi hata akiwa mwanamke. Nikaeleza ya Mmarekani, kwamba yeye anashika desturi ya kutokuwa na mtemi. Mzee akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Walimfukuza mtemi wao," akasema taratibu, "na hiyo ndiyo mila yao?"

"Ndiyo, Baba."

"Na yule mwingine ni mtu wa ukoo wa mtemi aliyefukuzwa?"

"Ni raia wake, Baba."

"Na wamekuja gari moja?"

Mzee akavuta kiti chake nyuma kidogo, akamwelekea Bwana Tai. "Muulize huyu. Baba yangu alikaa kule porini na mizinga yake, na makaburi ya babu zake yako kulekule. Ikaja serikali ya kwao ikasema kuna ugonjwa wa malale, hameni. Tukahama. Sasa muulize, kwao wanashika ya zamani, wakifika kwetu mbona wanayabadilisha?"

Nikafikiria Bwana Meneja. Nikafikiria daftari la zamu na mshahara wa mwisho wa mwezi. Nikageuka nikasema kwa Kiingereza kizuri, "Mzee anauliza kama kwenu mvua ni za kutosha." Bwana Tai akafurahi sana akaeleza habari za mvua za Uingereza kwa muda mrefu, na mimi nikamwambia Mzee kwamba mgeni anasikitika. Ikapita. Nikaona kumbe kazi hii naiweza.

Basi Bwana Tai akasema anataka kusikia na mama mwenye nyumba, kwa kuwa kwao akina mama ndio wanaoshika ya zamani kuliko wanaume, na kura zao anazijua. Mzee akakubali kwa mpango wake, mama atasemea ndani ya jiko, na mimi nitasimama nyuma ya kihenge, nimegeuka, nikitafsiri kwa kupaza sauti. Nikaenda nyuma ya kihenge. Swali la kwanza likaenda vizuri na jibu likarudi vizuri, sauti yake ilikuwa nene na taratibu, na wageni wakawa wanaongea na ghala la mahindi.

Sasa kila mmoja pale alikuwa na adabu yake, na mkasa ulitoka hapo. Adabu ya mama ilikuwa kwamba mgeni aliyetoka mbali anapelekewa togwa na mwenye nyumba mwenyewe, si mtoto, na mimi nikiwa nimejificha hapakuwa na kizuizi, akatoka na chungu chake. Adabu ya Bwana Tai ilikuwa kwamba mtu haongei na mama wa heshima bila kutambulishwa. Akaona mkalimani wake ana woga wa bure, akaja nyuma ya kihenge, akanishika kiwiko kwa upole kabisa, akanigeuza, akanizungusha, akanisimamisha mbele ya mama mkwe wangu, hatua moja, uso kwa uso.

"Nitambulishe," akasema.

Mama akashtuka, akaweka chungu chini, akajifunika kanga. Mimi nikafumba macho. Watu wote wakapiga yowe kwa pamoja, na Mmarekani naye akapiga, bila kujua ni kwa nini. Nikageuka nikiwa kipofu ili nirudi nyuma ya kihenge, nikapiga hatua moja, nikajikwaa, nikakaa. Nikakalia chungu cha togwa. Haikuwa ya moto, nashukuru, ila chungu kilikuwa na mdomo mpana na nilikienea.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonitisha. Bwana Tai akajitahidi kunisaidia, akasema mwambie Mzee hakuna ubaya, kwetu tunakula na mama mkwe meza moja kila Jumapili. Mmarekani akaongeza kwamba kwao akizeeka anahamia kabisa, anapewa chumba. Nikatafsiri yote mawili nikiwa chunguni, macho nimefumba.

"Halafu wanasema wanashika ya zamani," Mzee akasema. "Waambie nimewaelewa sasa. Kila mmoja anashika ya kwao, na ya jirani ndiyo anayoona yafaa kubadilishwa."

Safari hii nilitafsiri neno kwa neno, maana sikuwa na kitu tena cha kuogopa. Bwana Tai aliandika, kisha akaacha kuandika.

Mzee akasimama. "Kijana," akaniita, "mbele ya watu hawa. Ulimwona au hukumwona?"

Nawaambieni ukweli, pale sikufikiria Malkia wala mgodi. Nilimfikiria Nyamizi, aliyekuwa amesimama karibu na kinu na mkono mdomoni, na nikajua kwamba nikisema nilimwona namkosa leo, na nikisema sikumwona nadanganya mbele ya watu waliokuwa pale wakitazama. Nikafungua mdomo. Nikakohoa.

Ndipo ile sauti nene ikasema kutoka ndani ya kanga, "Hakuniona. Alifumba macho kabla. Mimi ndiye niliyekuwa naye uso kwa uso, nyie mlikuwa upande ule."

Mzee akamtazama mkewe, au tuseme aliitazama kanga, kwa muda mrefu. Kisha akatoa hukumu. Kwa kumwona, kwa kuwa sikumwona, hakuna neno. Kwa kuingia bila kukohoa nitalima shamba lake masika mawili, kila Jumapili baada ya misa, na harusi itangoja. Na chungu ni juu yangu. Bwana Tai akanivuta shati akauliza mzee anasemaje, ikabidi nimtafsirie hukumu yangu mwenyewe, masika mawili, bila kuruka hata moja. Akaitikia kwa kichwa kwa heshima kubwa, akasema huyu kweli ni mshika ya zamani, akanishukuru kwa kumleta.

Kurudi nilikaa nyuma, juu ya gunia.

Nililima masika mawili. Jumatatu hadi Jumamosi getini mlinzi akiniuliza togwa imebaki, Jumapili napalilia mahindi ya Mzee, na Nyamizi akiniletea maji anayaweka mwisho wa tuta anaondoka bila neno, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Nilimwoa. Watoto wetu sita, kuanzia Kalunde, mnawajua.

Mama mkwe niliendelea kumjua kwa mlango. Miaka ilipita, Bwana Tai akasahaulika, wazungu wakaondoka na mgodi ukanyamaza, na sisi bado tunasalimiana, yeye ndani mimi nje. Siku moja, Mzee akiwa amekwisha kufariki, akaniuliza kupitia ubao wa mlango ule, "Mwanangu, siku ile ulifumba jicho lipi kwanza?"

Nikasema, "La kushoto, Mama."

Akacheka mpaka akakohoa yeye.

Maana nilimwona. Nilimwona vizuri, kabla ya kanga na kabla ya yowe. Ni uso wa Nyamizi uliozeeka vizuri, na wakati watu wote pale wamekauka kama mbao, yeye alikuwa anabana midomo asicheke. Mama yule, mlinzi mkubwa wa mila katika ua ule, alidanganya mbele ya kijiji kizima ili nipate mke, na hakunidai hata asante.

Tangu siku ile ya chungu, mtu akiniuliza kama watu kama yeye wapo hapa kwetu, najibu sijui, na siingii kwa mtu bila kukohoa. Siku ya msiba wa Mama nilifika Mwamkulu asubuhi, ua umejaa watu, nikasimama palepale pangu njiani. Nikakohoa mara moja, nikakohoa mara ya pili. Nikasubiri mlango wa jikoni ufungwe. Nyamizi ndiye aliyekuja kunishika mkono akaniambia, "Ingia tu, Baba Kalunde. Hakuna wa kukukimbia."