Moraa Amelala

Juzi nilimsikia binti yangu akiruka kamba uani, akiimba beti ambazo sikumfundisha. Zilikuwa za shangazi yangu.

Shangazi alikuja kukaa nasi nyumba za kwao kule mpakani zilipochomwa. Leso yake ilinuka moshi hata baada ya kufuliwa, nami nilidhani ni moshi wa jikoni kwetu. Alasiri moja tulikuwa tukichuma chai, majani yakinuka mvua, naye akatunga polepole, mstari kwa kila konzi ya majani aliyotupa kikapuni:

Mlango nimeurudisha,
naenda mtoni, narudi.
Msibishe hodi,
Moraa amelala.

Moraa alikuwa mtoto wake, wa rika langu. Nilimwuliza ataamka lini tucheze. Vidole vyake havikusimama.

“Akiamka nitakuita, mwanangu.”

Nilifurahi sana. Niliwafundisha wenzangu shuleni beti zile, tukaruka kamba nazo mwaka mzima. Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa kwamba Moraa aliteketea na nyumba yao kule mpakani.

Juzi nilimwuliza binti yangu kwa nini alinong'ona mstari wa mwisho.

“Sote hunong'ona hapo, mama,” alisema. “Kuna mtoto amelala.”