Nilivyolainisha triga ya shotgun ya Oom Hennie kwa dawa ya cherehani

Wakuu, poleni na mihangaiko. Huku Joburg baridi imeshika kweli kweli, nimefunga karakana mapema, nina kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, nikaona leo niwape hii.

Yamenikuta mimi, kwa mikono yangu hii hii. Sitatia chumvi. Yalivyo tu yanatosha kuniaibisha.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi ni fundi wa cherehani. Sishoni mie, natengeneza mashine zenyewe. Niko Jeppestown mwaka wa ishirini na ushee sasa, karatasi zangu zote ziko sawa, nina karakana yangu ndogo nyuma ya duka la magodoro. Wacongo wanaoshona vitenge, Wamalawi wa overoli, Wasauzi wa uniform za shule, mashine ikigoma naitwa mimi. Kuna mashine nimezitoa kwenye vyuma chakavu na leo zinashona jeans.

Najisifu, ndiyo. Mtaona mbele sifa hizo zilinifikisha wapi.

Sasa, Oom Hennie ni mzee wa Kikaburu aliyekuwa na kiwanda kidogo cha maturubai mtaa wa pili kutoka kwangu. Oom ni kama kusema mjomba, ndivyo vijana na watu wazima wanavyomwita mzee wa heshima huku. Mashine zake nzito zote nilizihudumia mimi. Yeye ananiita Fundi, na sidhani kama analijua jina langu la ubatizo.

Uzee ulipomkamata akafunga kiwanda, akahamia Midrand kwenye kijumba ndani ya estate, mtaa wenye ukuta na geti. Kisha mkewe akafariki. Baada ya hapo alikuwa hatoki, labda Jumamosi tu, anapokwenda range, uwanja wa kulengea shabaha, kupiga sahani.

Kwa wasiojua: kuna mashine inarusha kisahani cha udongo hewani, wewe unakipiga kwa shotgun kabla hakijaanguka. Ndiyo mchezo wote.

Jumamosi moja akanibeba nikaone. Nikajaribu. Kisahani cha kwanza kikapasuka hewani, pwaa! Vumbi la rangi ya chungwa likatawanyika.

Wakuu, nilipotea pale pale. Mama Neema, mke wangu, anasema tangu siku hiyo ana mke mwenza.

Mwaka uliofuata bega la Oom likagoma, akaamua shotgun yake ije kwangu. Kihalali kabisa. Nilisoma, nikafanya mtihani, polisi wakaja kukagua sefu ya kuihifadhia, nikasubiri leseni miezi mpaka nikasahau kama niliomba. Kwenye club yeye ndiye aliyesimama mbele ya watu akasema, "Huyu namjua, mikono yake naiamini."

Shikeni maneno hayo, ndiyo yaliyokuja kunitesa.

Bunduki yenyewe ni semi-automatic ya zamani, ilikuwa ya baba yake. Ukipiga, mtutu wenyewe unarudi nyuma na kusonga mbele, unatema ganda, unaingiza risasi nyingine. Mbao yake ya mti wa walnut imeng'aa kwa mashavu ya watu wawili. Nzuri mpaka unaona haya kuigusa.

Ila triga! Ngumu, halafu inakwaruza. Unavuta, inasita, unavuta tena, mpaka ikubali sahani imeshakwenda zake.

Nikamwambia Oom. Akasema, "Ndivyo ilivyo. Izoee."

Mimi nizoee kitu kinachokwaruza? Mimi? Kazi yangu ya maisha ni kuondoa mikwaruzo! Mashine ikikwaruza unaifungua, unatafuta chuma kinachogusana na kingine, unasugua mpaka king'ae, unatia oil, inaimba. Nimefanya hivyo maelfu ya mara.

Basi Jumapili moja baada ya kanisa, Mama Neema kabaki kwenye mazoezi ya kwaya, nikahakikisha bunduki haina kitu ndani, nikaifungua gereji kwangu.

Jamani, mle ndani palinichekesha. Vyuma vidogo, springi, pini. Nikasema hiki nacho si ni cherehani tu? Nikakiona kipande kinachokwaruza, nikachukua dawa ile ile ninayong'arishia vyuma vya bobini.

Sitaeleza nilisugua wapi wala vipi, na msinifuate PM kuniuliza. Kwanza sheria ya huku kazi hiyo ni ya fundi bunduki mwenye kibali, siyo ya kila mwenye bisibisi. Pili, endeleeni kusoma.

Nilipoirudisha nikajaribu tupu. Laini. Laini kama siagi iliyokaa juani. Nikacheka peke yangu gereji.

Jumamosi nikaenda range kifua mbele. Oom alikuwa kwenye kiti chake cha kukunja nyuma, na flaski yake ya kahawa. Sahani ya kwanza, pwaa. Ya pili, pwaa. Nikageuka kumtazama, akainua kikombe.

Kwenye kituo cha tatu cha kupigia nikaweka risasi, nikaachia kitasa, kile chuma cha ubavuni kinachoingiza risasi, kijifunge.

Ikalia yenyewe.

Kidole changu hakikuwa kwenye triga, wakuu. Kilikuwa mbali. Bunduki ilijifunga na kulia papo hapo, udongo ukaruka hatua chache mbele yangu.

Kilichotuokoa ni kitu kimoja. Oom alinifundisha tangu siku ya kwanza kwamba bunduki haifungwi mpaka mdomo wake umeelekea shambani, kusiko na mtu. Alinisumbua na jambo hilo mpaka nikamchukia. Siku hiyo kama mdomo ungekuwa umeelekea kushoto, kulikuwa na mama mmoja na binti zake wanasubiri zamu.

Nikailaza bunduki chini, mdomo bado umeelekea shambani.

Msimamizi wa range akaja, akazitoa risasi zote, akaichungulia, akaniuliza usoni, "Kuna mtu ameifungua hii?"

Na mimi mtu mzima, mzee wa kanisa, nikajibu, "Hapana. Nadhani ni uzee tu."

Sijui uongo ule ulitoka wapi. Niliona aibu ya watu, nikaona leseni inaota mbawa, mdomo ukajisemea.

Bunduki ikapelekwa kwa fundi bunduki, tukaambiwa ana foleni mpaka mwisho wa mwezi. Nikajipa moyo kwamba akifika kwenye kile kipande ataona kimelika kwa miaka tu.

Lakini Oom, wakuu. Nilimwona alivyobadilika rangi pale kwenye kiti. Njiani kurudi, tulipofika kwenye robot, yaani taa za barabarani, ya kuingilia kwao, akasema taratibu, "Kumbe nilikupa bunduki mbovu, na sikuijua."

Nilitakiwa kusema pale. Taa ikawaka kijani, nikaendesha.

Siku zikaenda. Kazini nikawa natengeneza mashine moja mara mbili. Siku ya tisa akapiga simu, nimekaa mezani na Mama Neema, nikaweka spika kwa sababu mikono ilikuwa na mchuzi.

"Fundi," akasema, "nimeandikia kamati ya club. Kosa ni langu, nimeiweka bunduki yenye hitilafu mikononi mwako. Narudisha kadi ya uanachama. Na Jumatatu napeleka polisi ile bunduki yangu nyingine ya mitutu miwili. Mtu asiyeweza kuhisi ubovu wa bunduki yake mwenyewe hafai kuwa nayo."

Nikasema, "Oom, subiri kwanza..."

"Nee man, hapana. Mkono wangu umekwisha. Angalau nimejua kabla hajafa mtu."

Akakata.

Mama Neema ni wa Lubumbashi, akikasirika Kiswahili chake kinarudi kwao chote. Akasogeza pembeni sahani yangu ya ugali, bukari kwa lugha ya kwao.

"Weye! Ule muzee anakufa na roho juu yako, na weye unakula bukari? Utaenda kumwambia weye, ao niende miye?"

Alikuwa anajua, wakuu. Aliikuta ile dawa gereji, kando ya sefu ya bunduki, siku ile ile ya Jumapili. Alikuwa ananisubiri niseme mwenyewe.

Nikanawa mikono, nikachukua gari mpaka Midrand.

Oom alinifungulia, akaweka kahawa, akasogeza kopo la rusks, zile biskuti ngumu za kuchovya, kama kawaida yake. Mezani palikuwa na ile barua ya kamati, bado hajaituma. Nikaona nikianza na kahawa sitasema tena. Nikasema nimesimama.

"Oom, bunduki haikuwa mbovu. Niliifungua nyumbani. Nilisugua kipande cha triga. Nikadanganya."

Akasukuma kikombe chake pembeni.

"Ulisugua na nini?"

"Dawa ya vyuma vya cherehani."

Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Akaanza kutetemeka mdomo, na mimi sijawahi kumwona hivyo hata kwenye mazishi ya mkewe.

"Siku tisa, Fundi. Siku tisa nakaa hapa naangalia mikono yangu. Nimemkumbuka baba yangu, nikasema nimeitia aibu bunduki yake. Kuisugua ni ujinga, ujinga unasameheka. Lakini uliniona pale range. Ulinipakia kwenye gari lako. Ukaniacha nishuke na mzigo wako."

Machozi yalinitoka, sioni haya kuandika.

Akanisukumia simu. "Mpigie msimamizi. Sasa hivi. Mbele yangu."

Nikapiga. Nikaeleza yote. Nikapewa adhabu ya miezi mitatu nje ya range na kurudia mafunzo ya usalama kuanzia somo la kwanza, nimekaa na watoto wa chuo. Nikashukuru, maana wangeweza kunifuta kabisa.

Nilipokata simu Oom alikuwa ameshaichana barua yake. Akaninyooshea rusk. Nikaipokea, nikaichovya, nikala.

Kwa fundi bunduki tulikwenda pamoja. Mzee mmoja wa Kihindi, mpole, miwani mizito. Nikamweleza tena, mara ya tatu sasa, kila mara inauma upya. Akakiweka kile kipande chini ya taa, akakigeuza kwa kibano.

"Kazi nzuri sana," akasema. "Kimeng'aa kama cha duka. Tatizo ni moja. Kazi ya chuma hiki ni kukwama. Hapa ndipo nyundo inaposhikwa isianguke. Wewe umekiondolea kazi yake."

Miaka ishirini nimesugua kila kinachokwama, na hata siku moja sikuwahi kujiuliza kama kipo kinachokwama kwa faida yangu. Kwenye cherehani ukikosea unakatika uzi. Hapa angekatika mtu.

Vipuri vya bunduki ile havitengenezwi tena. Akatafuta kwa wenzake mpaka akakipata kwenye bunduki kama hiyo iliyovunjika mbao. Akakifunga, akaipima bunduki, akatupa cheti. Triga ikarudi vile vile, ngumu, inakwaruza.

Miezi mitatu ikapita. Jumamosi niliyorudi, habari zilikuwa zimeshanitangulia, si mnajua watu. Nilipoingia kituo cha kwanza, wote waliokuwa karibu wakasogea nyuma. Taratibu, kwa adabu, bila kuniangalia. Na sikuwalaumu, hata mimi ningesogea.

Nikabaki pale peke yangu na risasi moja mkononi.

Nikasikia kitu kinaburuzwa kwenye kokoto. Oom anavuta kiti chake cha kukunja. Akakileta mpaka kwenye mstari, mahali pa karibu kabisa anaporuhusiwa mtu kukaa nyuma ya mpigaji, akakifungua, akakaa. Akamimina kahawa.

Wale wengine wakatazamana.

Nikaelekeza mdomo shambani. Nikaweka risasi. Nikaachia kitasa. Kikajifunga, kimya. Nikaita sahani.

Nikaikosa.

Nikaita nyingine, nikaikosa pia. Macho yalikuwa yana maji.

"Triga iko sawa," Oom akasema nyuma yangu, kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Ni wewe."

Range nzima ikacheka, na mimi nikacheka mpaka nikashusha bunduki. Watu wakaanza kusogea mbele tena mmoja mmoja.

Basi, wakuu. Nilichojifunza ni hiki: ujuzi wa kazi moja unaweza kukufanya mjinga jasiri kwenye nyingine. Kama kitu kina fundi wake, mpelekee fundi wake, hasa kitu kinachoua. Na ukiharibu, sema siku ile ile, kabla mtu asiye na hatia hajaanza kujilaumu kwa ajili yako. Mimi nilimwibia mzee wa watu siku tisa, na umri ule siku tisa si chache.

Nyie mafundi humu, wa magari, wa simu, wa umeme, hakuna kati yenu aliyewahi kuharibu cha mtu akasingizia uzee wa mashine? Jitokezeni, msiniache peke yangu kwenye aibu hii. Nasoma zote na nitajibu, isipokuwa Jumamosi. Jumamosi nampitia Oom saa mbili asubuhi, na hapendi kusubirishwa.