Toba Niliyoifanya kwa Migomba ya Baba

Niliokoka nikiwa mtu mzima, mwenye mke, watoto watatu na darasa la kufundisha, katika semina ya siku nne iliyofanyika Omurushaka. Nalisema hili bila aibu na bila kulitilia shaka: jambo lililonipata siku ya tatu ya semina ile lilikuwa la kweli. Nililia mbele ya watu walionijua kama mwalimu mkali asiyecheka, nikataja uongo wangu na kiburi changu, na nilipoketi tena kwenye benchi nilijiona mwepesi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Ninayoyajutia hayamo katika siku ile. Yamo katika siku ya tano, nilipofika nyumbani Nyaishozi nikiwa na wepesi ule ule, nikitafuta mahali pa kuuonyesha.

Msomaji wa Karagwe atakuwa amekwisha kujua nilikokwenda kuuonyesha. Kwetu, tangu uamsho wa enzi za babu zetu, mtu aliyeokoka hutambuliwa kwenye kibanja chake. Katikati ya migomba ya matoke, karibu kila kaya huwa na embire, migomba ambayo ndizi zake hazipikwi bali hukamuliwa kuwa rubisi, pombe ya ndizi. Aliyeokoka huzikata embire zake kwa mkono wake, mchana, majirani wakiona, ili asijiachie njia ya kurudi kwenye pombe. Wapo walioifanya kazi hiyo wakiimba. Niliwaheshimu tangu utotoni na nawaheshimu hata sasa, maana nimeona rubisi ilivyowamaliza watu wenye akili kunizidi.

Kasoro yangu ni nyepesi kuieleza. Mimi sikuwa na embire. Niliishi katika nyumba ya shule, na kipande nilichopewa na baba kilikuwa na kahawa na maharage tu. Embire zilikuwa za baba.

Baba alikuwa mjane, Mlutheri wa kukaa benchi la nyuma, mtu wa maneno machache ambaye sikupata kumwona amelewa. Siku ile alikuwa amekwenda kituo cha afya kupimwa macho. Nilichukua panga lake mwenyewe ukutani, nikaingia kibanjani, nikakata embire kumi na moja. Niliona kwamba mikungu yote ilikuwa imekomaa kwa pamoja, na kwamba kila mgomba ulikuwa umeegemezwa kwa mti ili usianguke. Mtu aliyezoea kusoma, kama nilivyojidai kuwa, angesoma hapo kwamba mikungu ile ilikuwa na siku yake. Mimi niliona tu wingi wa pombe ambayo ingepatikana. Kwa hofu kwamba ingevundikwa hivyo hivyo, niliikatakata mikungu yenyewe vipande vipande, na utomvu ukanichafua shati ambalo mpaka leo halijatakata.

Baba alirudi alasiri.

"Shikamoo, Tata," nikamwambia. Ndivyo tunavyomwita baba kwa Kinyambo.

Hakuitikia. Alipita katikati ya vigogo vilivyolala, akainama hapa na pale kama anayetafuta kitu alichodondosha, kisha akarudi akakaa kwenye kigoda chake.

"Mwalimu," akasema. Hakuwa amewahi kuniita hivyo. "Umemaliza, au nikutafutie jiwe la kunolea panga?"

"Nimemaliza, Tata. Nimeokoka."

"Umeokoka wewe."

"Ndiyo."

"Na embire zangu, zenyewe zilikosa nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa mpangilio, kama somo, juu ya ulevi, nyumba zilizobomoka na mwili ambao ni hekalu. Alinisikiliza hadi mwisho, kama mtu aliyejikinga barazani akingoja mvua ipite.

"Zilikuwa za mdogo wangu," akasema. "Anakuja Jumamosi ya wiki ijayo."

Mdogo wake, baba yangu mdogo, aliishi Songambele, upande wa Kyerwa. Walikuwa hawajazungumza kwa miaka kumi na tisa, kisa kikiwa mpaka wa vibanja walivyoachiwa na babu. Kila mmoja alisema mwenzake amekula ardhi yake, na mwishowe mdogo akahama. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba baba alikuwa amemwita, naye amekubali kuja. Katika ukoo wetu, ndugu waliogombania ardhi hupatana kwa rubisi iliyotoka katika ardhi hiyo hiyo. Hunywa katika kibuyu kimoja, aliyekosa anatangulia kusema kosa lake na kunywa, kisha mwenzake anapokea, na baada ya hapo jambo halitajwi tena.

"Mnaweza kupatana kwa soda," nikasema.

"Soda," baba akarudia, taratibu, kama anajifunza neno geni.

"Au chai. Au mnunue rubisi, kama ni lazima, ingawa mimi sitaigusa."

"Rubisi ya kununua ni ya kunywea," akasema. "Hii ilikuwa ya kusemea."

Sikumuuliza alitaka kusema nini. Nilikuwa na hakika kwamba katika nyumba ile mwenye la kusema nilikuwa mimi.

Kesho yake aliazima simu ya jirani, akampigia mdogo wake nami nimesimama hapo. Alimwambia kwamba shughuli imesogezwa mbele. Upande wa pili uliuliza sababu. Baba alinitazama kwa muda mfupi, kisha akasema, "Upepo. Upepo umeziangusha embire zote."

Aliporudisha simu nilimkaripia. Naliandika neno hilo nikilifahamu: nilimkaripia baba yangu. Nilimwambia kwamba uongo ni dhambi hata ukisemwa kwa nia njema.

"Basi nenda wewe ukamwambie kweli," akajibu. "Mimi sikutaka akuchukie."

Nikasema nitakwenda.

Jumapili iliyofuata, katika ushirika wa waliookoka, nilisimama kutoa ushuhuda. Nilisema jinsi nilivyozikata embire, wakapiga makofi. Palikuwa na mama mmoja, muuza dagaa wa pale Omurushaka, mwenye ulimi ambao wanaushirika waliuogopa kuliko mahubiri. Alinyoosha mkono.

"Bwana asifiwe, mwalimu."

"Amina, mama."

"Embire hizo zilikuwa za nani?"

"Za baba yangu."

"Aa. Basi tumpongeze mzee kwa kuokoka. Wewe utaokoka lini?"

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Mimi pia nilitabasamu kidogo, ili nionekane mnyenyekevu, na moyoni nikamweka mama yule katika kundi la watu ambao neema haijawamaliza ubishi.

Safari ya Songambele ilikuwa ya kumaliza kabla ya adhuhuri. Wiki ya kwanza nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Wiki ya pili barabara ilikuwa na matope. Wakati huo madereva wa bodaboda waliokuwa wakipita huku na huko walimwambia baba mdogo kwamba Nyaishozi hakukuvuma upepo wowote wa kuangusha migomba. Alielewa alivyoweza kuelewa: kaka yake alimwita, akajuta kumwita, na akamtungia uongo ambao hata mtoto angeukamata. Mwaka wa pili machipukizi ya embire yalipozaa, baba alituma tena ujumbe. Jibu lililorudi lilikuwa fupi: "Mwambieni kaka nangoja upepo utulie."

Ni mimi peke yangu niliyeweza kulifungua fundo lile, na nililijua hilo. Haikuhitaji hekima yoyote. Ilihitaji nifike mlangoni kwa mtu mmoja na kusema, "Baba mdogo, hakukuwa na upepo. Nilikuwa mimi." Mwanzoni baba aliniuliza, "Umeshakwenda?" Kisha akawa anauliza kwa macho. Kisha akaacha.

Ilipita miaka kumi na miwili. Ndani ya miaka hiyo nilichaguliwa mzee wa kanisa. Nilifundisha vijana maana ya kuzaliwa upya, nikawasuluhisha wanandoa, nikasoma vitabu vingi juu ya toba na kuviazimisha kwa wengine nikiwa nimepiga mistari chini ya sentensi nzuri. Kila Jumapili nilitubu hadharani, na nikiwa na desturi ya kujipima nimeyapima maungamo yale: hasira, uvivu wa kuomba, mawazo yasiyofaa. Yote yalikuwa makosa ambayo hayakudai nimtazame mtu yeyote usoni. Lile moja lililokuwa na mlango na mwenye nyumba sikulitaja. Nilijiambia kwamba watu wazima wawili waliobatizwa wakishindwa kupatana bila pombe, kosa ni lao. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana ilinitumikia kwa muda mrefu.

Baba mdogo alifariki mwaka jana, wakati wa kuchuma kahawa, baada ya kuugua siku chache. Tulikwenda Songambele kwa gari la kukodi, mimi na baba tumekaa kiti cha nyuma. Kaburini, ilipofika zamu ya ndugu kutupia udongo, baba alisogea kwa fimbo yake, akainama kwa shida, akachota udongo kwa kiganja. Alisimama nao. Watu waliokuwa nyuma yake walianza kusogeasogea. Hatimaye akainama tena akaurudisha pale pale alipouchota.

Mchungaji alimshika kiwiko. "Mzee, tupa tu. Ni wa kumuaga."

"Bado hatujaongea," baba akasema, akatoka mstarini.

Siku mbili baadaye, tumekaa barazani kwake, aliniambia bila kuulizwa.

"Mpaka niliusogeza mimi."

Akaegemeza fimbo yake ukutani.

"Alikuwa amekwenda msibani kwa wakwe zake. Niling'oa mimea ya mpakani nikaipanda upande wake. Hatua nne. Watu wote walidhani ni yeye mgomvi, kwa sababu yeye ndiye aliyepiga kelele." Akageukia kibanjani. "Siku ile ningetangulia kunywa mimi."

Nimesoma mengi juu ya moyo unaofanywa upya. Sikupata kuutambua ulipokuwa ukifanya kazi pale pale nilipokuwa nimesimama na panga. Mzee wa benchi la nyuma, asiyetoa ushuhuda, alikuwa amepambana na hatua zake nne kwa miaka kumi na tisa, akazishinda, akaegemeza migomba kwa miti ili siku isimponyoke. Nilikuja nikiwa na wokovu wa siku mbili, nikaikata toba yake ili niwaonyeshe watu ya kwangu.

"Nisamehe, Tata," nikasema.

"Wewe nilikusamehe ungali umeshika panga," akajibu. "Niliyemtaka anisamehe mimi yuko kule." Akaonyesha kwa kidevu upande wa Kyerwa.

Wiki ya tatu baada ya mazishi ndipo nilipokwenda. Nilipanda bodaboda asubuhi na nikafika kabla ya adhuhuri, kama nilivyojua siku zote kwamba ningefika. Mke wa marehemu, mama yangu mdogo, alikuwa uani akichambua maharage kwenye ungo. Alinipa kiti. Nikamweleza lote, la panga na la simu, kisha nikatoa ujumbe wa baba kwamba anazirudisha zile hatua nne.

"Kwa hiyo haukuwa upepo," akasema.

"Haukuwa upepo."

"Wala haikuwa shemeji aliyejuta kumwita."

"Hapana, mama. Ilikuwa mimi."

Aliendelea kuchambua. Punje mbovu alizitupia kuku, moja moja.

"Alikuwa amekwisha kunyoosha koti," akasema. "Zaidi ya wiki moja kabla ya siku yenyewe. Nikamwambia litashika vumbi, nilikunje. Akakataa, akalitundika mlangoni ili kila akipita alione. Simu ilipokuja alilitungua kwenye msumari akalikunja mwenyewe. Tumemzika nalo." Akainua macho. "Kutoka Nyaishozi mpaka hapa ni nauli kiasi gani, mwalimu?"

Nikamtajia. Ni bei ya kilo chache za sukari.

"Aa," akasema, akarudi kwenye ungo wake.

Niliuliza kama ananisamehe. Sikupaswa kuuliza, ni tabia ya mtu aliyezoea kujibiwa. Alisema si yeye aliyengoja, ila vijana wake wako shambani, na wao walikua wakisikia kwamba baba yao mkubwa ni mwongo aliyemdhihaki baba yao. Hao ndio wa kuambiwa. La ardhi watalijua wenyewe na shemeji.

"Wakirudi uwaambie kama ulivyoniambia," akasema. "Usipunguze."

Nikangoja. Nimetoa ushuhuda mara nyingi maishani mwangu, na nilijaribu kupanga maneno, lakini kila mwanzo niliouchagua ulikuwa na sauti ya mtu anayehubiri. Walikuja wawili, majembe begani, udongo umewakauka miguuni. Mkubwa ana uso wa baba yake. Waliweka majembe chini, wakanipa shikamoo kwa heshima, kama kaka yao mkubwa, kabla hawajajua nilichokuja kusema. Niliitikia marahaba, kisha nikasema, "Hakukuwa na upepo. Nilikuwa mimi."