Matairi Mapya na Wabebaji Wanane

Védaste Nsabimana alikuwa mtu wa kusikiliza gari. Madereva wengine huwasha injini na redio kwa mkono mmoja. Yeye aliwasha injini, akazima redio, akainamisha kichwa kama padri katika maungamo. Akisikia mlio asioujua, hakuondoka mpaka aujue. Mkewe alisema kwamba lau angemsikiliza yeye hivyo hata kwa wiki moja, nyumba yao ingekuwa peponi.

Kwa miaka kumi na mmoja alibeba mifuko ya saruji kule Bugarama. Mgongo ulipokataa, alijifunza udereva, akauza ng'ombe wawili na kipande cha migomba alichorithi, akanunua pikapu ya kabini mbili iliyokwisha kutumika. Haikuwa kubwa wala ndogo, na ilitosha kuteremsha kahawa, ndizi na viazi vya majirani kutoka kilimani kwao, juu ya Mibirizi, hadi barabara ya lami.

Kilimani huko kila nyumba ina mtu wake katika chama cha machela. Mtu akizidiwa na ugonjwa, wanaume wanane hutoka, wakambeba mabegani juu ya ingobyi, machela ya kusukwa, hadi kwenye lami. Védaste, kwa kuwa mgongo wake haukuweza kubeba tena, alitoa gari badala ya bega. Chama kilikubali, lakini desturi moja haikuguswa: wabebaji hawamwachi mgonjwa njiani. Gari na limbebe, lakini wanane wapande nyuma, wafike naye. Kumwacha aende na dereva peke yake, wazee walisema, ni kumtuma kama kifurushi.

Masika ya mwaka uliopita, pikapu ilizama kwenye tope la kijito, mita mia tatu tu kabla ya lami. Ndani mlikuwa na bibi mwenye kichomi. Wanane waliruka chini, wakamtoa, wakambeba wakiwa wameloa hadi magotini. Bibi alipona. Védaste alibaki na gari lake topeni kama kuku aliyenyeshewa, akiwatazama wanavyokwenda. Tangu siku hiyo, kila wingu lililoinuka juu ya ziwa Kivu lilimtoa nje kwenda kuitazama njia.

Na masika haya kulikuwa na Uwamariya. Alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mumewe akifanya kazi Bugarama, na mimba yake ilitazamiwa kufika mwisho katikati ya mvua. Mimba ya kwanza ilikuwa imempotea akiwa njiani kwenda hospitali. Safari hii daktari alimwambia waziwazi: uchungu ukianza tu, uje, usingoje hata saa moja.

Basi Védaste akashuka mjini Kamembe, kwa Kayitare Sudi, fundi wa magurudumu, Mwislamu wa ukoo wa mafundi, mtu wa kofia iliyofumwa na maneno yasiyofumwa. Pale nje palikuwa na matairi manne makubwa yenye meno marefu, yaliyovushwa kutoka Bukavu, yakibingirishwa darajani na wachukuzi wa mpaka wa Rusizi ya Kwanza. Védaste alijaribu kuinua moja, akaliacha.

"Liko zito, Papa," Kayitare akacheka. "Lile lako la zamani ni mtoto kwa hili. Utakanyaga breki, gari litakuuliza kwanza: 'Unasema nini?'"

"Lakini topeni?"

"Topeni utapita kama kiboko. Mimi nakuambia habari ya breki, wewe unaniuliza habari ya tope!"

Aliyafunga. Akakata plastiki ya madigadi kwa kisu cha moto ili tairi lipate nafasi ya kugeuka. Akamwonya kwamba mshale wa mwendo sasa utamdanganya, utaonyesha hamsini wakati gari linakwenda zaidi ya hapo. Kisha akafuta mikono, akasema neno ambalo Védaste alilisikia kwa sikio moja tu: "Nenda ukalibebeshe mzigo, urudi. Nataka kuona tairi linavyokata kona gari likiwa limekaa chini. Bantu ba mulima banapima gari na kupanda tu. Kushuka, nani anapima?"

Na kweli, alilipima kwa kupanda. Kilima kizima kilitoka kutazama. Pikapu tupu, imeinuka kama mtu aliyevaa viatu vya sherehe, ilipita kijito bila kuteleza, ikakwea hadi mlangoni kwake huku watu wakipiga vigelegele. Niyonsaba, mkubwa wa wabebaji, mzee mwembamba mwenye sauti ya kengele, alizunguka gari mara mbili, akasema, "Sasa hii ni ndege." Védaste alicheka pamoja nao. Kurudi Kamembe na mzigo akaona ni kupoteza siku.

Jumanne, saa tatu asubuhi, mvua ikiwa imenyesha tangu alfajiri, Mukagasana, mama mkwe wa Uwamariya, aligonga dirisha kwa ngumi.

"Védaste! Chupa ya uzazi imepasuka!"

Ambulensi ilipigiwa simu. Itangoja kwenye lami, wakasema, maana pale kijitoni haipiti. Uwamariya aliingizwa kiti cha nyuma, Mukagasana akamshika. Kabla Védaste hajageuza ufunguo, akahisi gari likizama: mmoja, wawili, watatu, hadi wanane wamepanda nyuma, Niyonsaba wa mwisho, akigonga paa. "Twende, rubani!"

Aliwasha injini, akasikiliza. Injini ilikuwa nzima. Akashusha pumzi, akatia gia ya kwanza.

Kona ya kwanza alisikia mlio asioujua. Ulikuwa mkwaruzo mdogo, kama panya anayetafuna gunia. Aliukunja usukani zaidi, nao ukamkatalia kabla ya kufika mwisho. Gari liliikata kona kwa upana kuliko alivyotaka, tairi la mbele likapita kiganja kimoja tu kutoka ukingoni, na chini ya ukingo hakukuwa na kitu ila migomba na vichwa vya migomba.

"Polepole, baba," Mukagasana akasema.

"Ndiyo, mama."

Alikanyaga breki. Gari liliendelea. Alikanyaga tena, kwa nguvu, ndipo likapunguza mwendo, kwa uvivu, kama punda anayefikiri. Neno la Kayitare likamjia lote, na safari hii kwa masikio yote mawili. Wanaume wanane walikuwa wameikalisha springi. Tairi lilikuwa linakula madigadi. Na uzito ule wa magurudumu, pamoja na uzito wa watu, ulikuwa unamsukuma mgongoni kuelekea kona ya pili. Hiyo ya pili ndiyo kali kuliko zote. Harufu ya mpira ulioungua iliingia dirishani.

"Kuna kitu kinaungua," Uwamariya akasema kwa meno yaliyokazwa.

"Si kitu," Védaste akajibu. Akaona haya kwa uongo huo, lakini hakuwa na mwingine.

Alisimamisha gari hatua thelathini kabla ya kona. Akavuta handibreki, akaacha gia ndani, akashuka. Aliweka jiwe mbele ya tairi, kisha akainua uso kwa wanaume wanane waliokuwa wakimtazama kutoka juu, maji yakiwatiririka.

"Shukeni."

"Tushuke?" Niyonsaba akashangaa. "Mgonjwa yumo ndani, sisi tushuke? Ndege imekwisha mafuta?"

"Usukani haugeuki mkiwa juu. Nikiingia kona ile nanyi, tunakwenda migombani sote."

"Na uliyapima wapi matairi haya?"

"Nilipima kupanda," Védaste akasema. "Kushuka sikupima. Kosa ni langu, mzee. Mtanihukumu Jumapili chama kikikutana. Leo shukeni."

Mmoja akasema kwamba baba yake alibeba wagonjwa miaka ishirini na hakuacha hata mmoja njiani. Mwingine akasema Gad angesema nini akisikia. Gad ndiye mume wa Uwamariya, na wote wakatikisa vichwa kwa pamoja. Hakuna aliyeinua mguu.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa kwa kishindo. Ikatoka sauti ya Uwamariya mwenyewe, nyembamba na kali:

"Nyinyi wanaume! Mnamsindikiza nani? Anayezaa ni mimi! Shukeni, au nizae hapa muibebe aibu hiyo mpaka kaburini!"

Walishuka. Walishuka haraka kuliko walivyopanda, na gari likainuka kwa kila mguu uliogusa tope. Védaste aliona pengo likifunguka kati ya tairi na madigadi: vidole viwili, kisha vitatu.

"Tembeeni mbele yangu," akasema. "Ubavu kwa ubavu. Nami nitakwenda mwendo wenu."

Hivyo ndivyo walivyoteremka. Wanne kulia, watatu kushoto, Niyonsaba akitembea kinyumenyume katikati na mkono umeinuliwa, akimwonyesha ukingo ulipo. Gia ya kwanza ikishika, breki ikiguswa na kuachwa, ikiguswa na kuachwa. Kwenye kona usukani uligeuka hadi mwisho. Védaste hakuondoa macho kwenye mkono wa Niyonsaba mpaka alipouona mgongo wa barabara umenyooka mbele yake. Nyuma yake Uwamariya alikuwa akihesabu kwa sauti, na nafasi kati ya uchungu na uchungu ilizidi kufupika.

Kijitoni tope lilikuwa refu kuliko la mwaka uliopita. Meno ya matairi yaliuma, yakatafuta, yakashika. Wanaume walivuka na maji mapajani, wakishikilia ubavu wa gari. Hakuna aliyepiga vigelegele.

Ambulensi ilikuwepo. Uwamariya na Mukagasana walihamishwa, mlango ukafungwa, wakaondoka. Wanane walisimama kwenye lami wakitweta, na Védaste akaketi kwenye ukingo wa mtaro. Hakuna aliyetaja kurudi. Walingoja, mvua ikikonda, dakika arobaini, hamsini. Kila simu iliyolia kwa mtu mwingine ilimchoma yeye.

Yake ilipolia aliinyoosha mbele bila kuibonyeza. Niyonsaba akaichukua.

"Ndiyo, mama… Ndiyo… Na yeye mwenyewe?" Akafunika simu kwa kiganja. "Msichana. Uwamariya anaomba uji, na anauliza kama sisi bado tunabishana."

Wakacheka wote ila Védaste, aliyeweka uso kati ya magoti kwa muda. Kisha akainuka.

"Kupanda, njooni, nitawabeba. Lakini kuanzia leo, tukishuka na mgonjwa, ndani ni yeye na mtu mmoja wa kumshika mkono. Wanane mbele ya gari, kwa miguu. Chama kikikataa, tafuteni gari jingine."

Niyonsaba alitazama kilima, akatazama viatu vyake.

"Chama hakitakataa," akasema. "Ila wewe uwe na subira na mguu wako wa kulia. Mimi nina miaka sitini na minane, na sitaki kukimbizwa na pikapu."